Tulipopanda Marangu Kumjulia Hali Mwenzetu

Wengi wanaijua Marangu kwa ajili ya wageni wanaoanzia huko safari ya kuupanda Mlima Kilimanjaro. Wazee wa Kanisa wanaikumbuka pia kwa mkutano wa mwaka 1955, Walutheri wa nchi mbalimbali za Afrika walipokutana huko. Sisi tulikwenda kwa jambo dogo kuliko hayo. Mwenzetu wa kikundi cha maombi hapa Moshi mjini alikuwa ameondolewa kizazi kwa sababu ya saratani, akapelekwa kupumzika kwa mama mkwe wake. Zilikuwa zimepita siku 16 tangu upasuaji. Tulikuwa wanne, na wawili kati yetu ni wauguzi. Mwenyewe ameturuhusu kuandika habari hizi, ila jina lake tumeliacha.

Ilikuwa masika. Tulipanda Hiace stendi, na vifurushi vyetu vya sukari, mchele na sabuni tukavipakata. Hadi Himo ni tambarare na joto. Hapo gari huiacha barabara ya kwenda Taveta na kuanza kupanda, na baada ya muda mfupi hewa hubadilika. Migomba inasongamana pande zote mbili, kahawa iko chini yake, na maji yanasikika kwenye mifereji kabla hujayaona. Mlima wenyewe hatukuuona, ulikuwa umejifunika mawingu.

Njiani tuliwapita akina mama waliojitwika mizigo mikubwa ya majani. Ng'ombe wa huku hufugwa zizini, na chakula chao hufuatwa mbali, mara nyingi kule chini tulikotoka. Mmoja wetu akasema, "Mwenzetu asije akawa anabeba na yeye." Tukacheka, lakini hatukujua kwamba amesema kweli.

Tulishuka Marangu Mtoni tukatembea kwa miguu kiasi cha nusu saa, viatu mkononi kwa sababu ya utelezi. Mama mkwe alitupokea kwa furaha, na kabla hatujakaa vizuri mtori ulikuwa mezani. Alitueleza jinsi anavyomtunza mkwewe: mtori asubuhi, maziwa jioni, moto ndani ya nyumba. Ndivyo Wachagga wanavyomtunza mwanamke aliyejifungua, akakaa ndani akila na kupata nguvu. Mama huyu alimpa mkwewe heshima ileile.

Mgonjwa alikuwa ameketi pembeni, amejifunika kanga mbili kuanzia kiunoni hadi chini. Alitabasamu, akauliza habari za kila mmoja wa kikundi. Lakini tuliposimama kuomba alishika meza kwanza, kisha akainuka kwa mguu mmoja. Wauguzi wawili tulitazamana.

Baada ya maombi tuliomba kuona kidonda. Chumbani alituonyesha mshono, nao ulikuwa mkavu na safi. Tukamwuliza, "Na mguu je, dada?" Akasema ni uchovu tu. Tulipoifunua kanga tuliona mguu wa kushoto umevimba kuanzia pajani hadi kwenye kifundo, ngozi inang'aa. Ulikuwa wa moto kuliko wa kulia. Tulipomgusa nyuma ya muundi alivuta pumzi kwa maumivu.

Ndipo alipolia. Uvimbe ulikuwa umeanza siku 4 nyuma. Alijua saratani imerudi, imeshuka mguuni, na fedha zote za familia zilikuwa zimekwisha kwa ule upasuaji. Angesemaje tena? Tena aliona haya kukaa bure mbele ya mkwe, hata siku mbili alikuwa amebeba ndoo ya maji kutoka mferejini. "Mama ananilisha kama mzazi," akasema, "na mimi kizazi sina tena." Hatukuwa na jibu la neno hilo. Tulikaa naye kitandani mpaka akatulia.

Kila usiku mama mkwe alikuwa akiuchua mguu ule kwa maji ya moto na mafuta. Hapo ndipo tuliogopa kweli. Mguu mmoja unaovimba ghafla baada ya upasuaji, ukawa wa moto na wenye maumivu, unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa. Saratani yenyewe, upasuaji wa nyonga, na kulala muda mrefu, vyote huongeza hatari hiyo. Kipande cha damu hiyo kikichomoka kinaweza kwenda kwenye mapafu na kuua kwa dakika chache. Mguu wa namna hiyo hauchuliwi kabisa.

Kumwambia mama mkwe hakukuwa rahisi. Tulipiga magoti mbele yake, tukasema, "Mama, umemtunza vizuri kuliko sisi tungeweza. Ila mguu huu unataka hospitali leo hii, wala usiguswe tena." Alinyamaza kidogo. "Ningejuaje, wanangu?" akasema. "Kuchua ndiko tunakokujua." Kisha akaenda mwenyewe kwa jirani mwenye pikapu, na aliporudi alikuwa na noti kadhaa zilizofungwa kwenye pindo la kanga. Zilikuwa fedha zake za ndizi.

Tuliteremka kwenye mvua, mgonjwa akiwa mbele na dereva. Tulimwuliza kila mara kama kifua kinambana au pumzi inamkatika. Hospitali walimpima mguu kwa ultrasaundi. Ilikuwa damu iliyoganda, si saratani. Alianzishwa sindano za kuzuia damu isizidi kuganda, kisha vidonge vya kumeza kwa miezi kadhaa.

Dalili zisizongoja

Hospitali walikuwa wamemweleza kabla hajatoka. Lakini maneno mengi aliyasikia akiwa bado na usingizi wa dawa na hofu ya ugonjwa. Kwa hiyo tunawasihi, mgonjwa anaporuhusiwa, ndugu mmoja awepo asikilize, aandike kwa Kiswahili, na karatasi ibandikwe ukutani.

Mambo mengi ya wiki za kwanza si ya kutisha. Majimaji kidogo ya rangi ya udongo au waridi ukeni, yanayopungua siku hadi siku, ni ya kawaida. Uchovu pia ni wa kawaida, na maumivu yanayopoa polepole. Aliyeondolewa na ovari huweza kupata joto la ghafla na jasho usiku.

Lakini usingoje kesho ukiona damu nyingi kama ya hedhi au yenye mabonge, uchafu wenye harufu mbaya, homa ya nyuzi 38 au zaidi, au kidonda kinachotoa usaha au kufunguka. Vivyo hivyo mkojo ukizuia au ukivuja wenyewe ukeni, au tumbo likijaa huku unatapika na hupati choo wala hewa. Mguu mmoja ukivimba ghafla, nenda siku hiyohiyo. Kifua kikiuma au pumzi ikikatika, ni dharura ya dakika hiyo.

Aliyeondolewa tezi za nyonga anaweza kuvimba mguu taratibu, hata miezi mingi baadaye. Huo ni uvimbe wa namna nyingine, nao una matunzo yake, lakini mwache daktari autofautishe. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Isibebwe kwa wiki 6 angalau, mpaka daktari akubali. Na kwa habari ya tendo la ndoa, mume na asubiri ruhusa ya daktari kwa upendo.

Tulipanda tena Marangu baada ya masika. Mawingu yalikuwa yameondoka na Kibo ilikuwa nyeupe juu ya migomba. Mwenzetu alitulaki njiani kwa miguu yake. Alisema hofu haijakwisha. Kila siku ya kliniki inapokaribia hapati usingizi, na kila kinachomchoma tumboni humfanya aulize kama imerudi. Sasa ana daftari. Huandika maumivu yalianza lini na yanapungua au yanaongezeka, kisha humsomea mama mkwe. Yasiyopungua hupelekwa kwa daktari.

Jioni hiyo tulisoma pamoja habari za yule mama wa Luka sura ya 8, aliyetokwa na damu miaka 12. Alitaka aguse vazi la Bwana na kuondoka kimyakimya, lakini mwisho alieleza yote mbele ya umati, na Bwana hakumwaibisha. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mkwewe, akamwambia, "Na wewe uniambie yote, mwanangu. Hata ya usiku wa manane, uniamshe."