Mapenzi Yangu kwa Mbio za Farasi

Hapa Kindu wako watu wanaoniita "Mzee Farasi", na jina hilo nalistahili. Toka Kasuku mpaka Mikelenge, na ng'ambo ya mto Lualaba katika Alunguli, hutakuta farasi hata mmoja. Tunazo baisikeli na pikipiki, tunao mbuzi, bata na kuku, lakini farasi hatuna. Basi mtu akaaye katika mji usio na farasi, naye akajua mambo ya farasi wa Ufaransa na wa Kenya kama ajuavyo mambo ya ndugu zake, ni haki achekwe kidogo. Hata mimi nilikuwa nikicheka pamoja nao. Lakini hivi karibuni limetukia jambo katika ukoo wetu lililonikata kicheko, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kwanza niseme kwa nini hatuna farasi. Wengine hudhani ni kwa sababu ya umaskini, kumbe sababu kubwa ni mbung'o. Inzi huyo akimuuma mnyama humtia katika damu kijidudu kisichoonekana kwa macho. Mnyama hushikwa na homa, hukonda, huishiwa nguvu, mwisho hufa. Na vijidudu vya jamaa hiyo ndivyo vinavyoleta malale kwa watu, ugonjwa ambao wazee wetu waliujua sana. Daktari Livingstone, aliyefika Nyangwe katika Maniema yetu mwaka 1871, alikuwa ameianza safari yake kutoka pwani mwaka 1866 akiwa na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda. Wanyama hao walikufa njiani. Mwenyewe alishuku mbung'o, akalaumu pia ukatili wa watu waliowachunga. Stanley naye, alipotoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta, alikuwa na farasi wawili, nao walikufa kabla safari haijafika mbali. Kwa hiyo mizigo ambayo kwingine ilibebwa na mnyama, katika nchi zetu ilibebwa na mabega ya watu. Haifai tusahau jambo hilo tunapowaona vijana wetu wakisukuma baisikeli zenye magunia ya mchele kupanda kilima. Hao ndio farasi wetu, nao ni wana wa Mungu.

Mapenzi yangu yalianzia shuleni. Katika darasa letu la misioni palikuwa na picha ya Mtakatifu Jorji juu ya farasi mweupe. Mwalimu alituambia tumtazame mtakatifu jinsi alivyoshinda joka. Mimi, Mungu anisamehe, nilimtazama farasi: shingo yake iliyopindika kama upinde, na jicho lake lililoogopa joka huku miguu isikimbie. Nilifikiri moyoni kwamba mnyama anayeogopa, naye akaendelea kumtii bwana wake, ana ushujaa kuliko asiyeogopa kitu. Tangu siku ile kila gazeti la zamani lenye picha ya farasi nililiomba nisome. Nilipokua nikajifunza kwamba farasi wote wa mbio wa jamii kubwa ya Kiingereza, kwa upande wa baba, wametokana na madume watatu tu walioletwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki zamani. Na kwamba farasi wa mbio, mwenye uzito wa kilo 500 hivi, aweza kukimbia kilometa 60 kwa saa. Na kila Jumapili ya kwanza ya Oktoba, ikiwa jirani yangu ana mafuta ya jenereta, huenda kwake kutazama katika televisheni mashindano makubwa ya Longchamp, Paris, yaliyoanzishwa mwaka 1920.

Mwaka 2010 Mungu alinijalia kuyaona mashindano kwa macho yangu. Nilikuwa nakwenda Nairobi kwa biashara yangu ya vitambaa, maana mimi ni fundi cherehani. Akina mama wa jumuiya yetu, wengi wao wajane, walikuwa wamechanga dola 340 kwa muda wa mwaka na nusu, ili wanunue cherehani mbili na kuwafundisha binti zao kushona. Wakaniamini, wakanikabidhi fedha hizo zimefungwa katika kitambaa. Nikapanda ndege mpaka Goma, na kutoka huko mabasi mpaka Kampala na Nairobi.

Jumapili, baada ya Misa, nilikwenda kwenye kiwanja cha mbio cha barabara ya Ngong. Mashindano ya farasi yamekuwako Nairobi tangu mwanzo wa karne ya 20, na kiwanja hicho kimetumika tangu mwaka 1954. Nilifika mapema, nikasimama karibu na uwanja mdogo ambamo masaisi huwazungusha farasi ili watu wawaone. Kwa mara ya kwanza nikasikia harufu ya farasi, jasho na ngozi ya tandiko pamoja. Ngozi yao iling'aa kama mbao iliyopakwa mafuta. Nilimwona saisi mmoja, mtu wa makamo, akimnong'oneza mnyama wake sikioni kama mama anayembembeleza mtoto mwenye homa, na yule mnyama akatulia. Mbio zenyewe zilidumu dakika moja na nusu hivi. Ardhi ilitetemeka, watu wakapiga kelele, nami nikajikuta nalia machozi. Sioni haya kusema hivyo.

Mambo mawili niliyoyaona pale yamenifundisha kuliko hotuba nyingi. La kwanza ni mizani. Mpanda farasi hupimwa pamoja na tandiko lake kabla ya kukimbia, na akiisha kushinda hupimwa tena, isije ikawa amepunguza mzigo njiani. La pili ni desturi ya kugawa uzito. Katika mbio nyingi farasi aliye hodari huongezewa vipande vya risasi katika tandiko, ili yule dhaifu naye apate nafasi ya kushinda. Mwenye nguvu hubeba zaidi. Nilikumbuka neno la Bwana wetu ya kuwa aliyepewa vingi atadaiwa vingi. Sisi nyumbani mara nyingi twafanya kinyume: mzigo mzito humwangukia binti mdogo mwenye ndoo ya maji kichwani, na kaka yake mwenye misuli hukaa kivulini.

Naliona pia fundisho katika habari za mwanamke mmoja wa Kenya, Beryl Markham, aliyekuwa mfundishaji wa farasi tangu ujana wake. Dunia humkumbuka kwa sababu mwaka 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa ndege kutoka Uingereza hadi Kanada. Lakini mwenyewe asimulia katika kitabu chake jinsi, miaka kumi kabla ya hapo, alivyonyang'anywa farasi wake hodari majuma machache kabla ya mashindano makubwa ya Nairobi. Akabaki na jike mmoja, Wise Child, ambaye mishipa ya miguu yake ilikuwa mibovu. Akamtunza kwa subira, na siku ya mashindano yule jike akamshinda yule hodari. Wazazi wenye mtoto anayechelewa kuelewa masomo wangefanya vema kuikumbuka habari hiyo.

Laiti ningerudi nyumbani na mafundisho hayo tu! Lakini pale kiwanjani palikuwa na madirisha ya kuwekea dau. Niliweka dola tano zangu mwenyewe, nikashinda. Wasomaji, nisikilizeni vizuri: ningalishindwa mara ile ya kwanza, ningalisalimika. Ushindi ndio uliokuwa mtego. Nikajiona mjuzi, mtu aliyewasoma farasi miaka 30 katika magazeti. Nikaweka tena, nikashindwa. Nikaweka ili nirudishe, nikashindwa. Fedha zangu za akiba zilipokwisha, nikakifungua kile kitambaa. Nilijiambia kwamba naikopa tu kwa nusu saa. Jua lilipokuchwa, dola 160 za wajane zilikuwa zimekwenda. Ilikuwa bei ya cherehani moja.

Baadaye nilijifunza jinsi dau la namna ile linavyokwenda, na ni vema vijana wajue. Katika utaratibu uliobuniwa Paris na Joseph Oller katika miaka ya 1860, fedha zote za wacheza huwekwa katika chungu kimoja. Tuseme watu wameweka elfu moja. Mwenye chungu huchota kwanza sehemu yake, mathalani mia mbili, na mia nane zilizobaki hugawiwa walioshinda. Basi ukiwachukua wacheza wote pamoja, siku zote hurudi nyumbani wakiwa wamepungukiwa. Mmoja hushangilia, nao wengi hutoka kimya. Yule anayeshangilia ndiye tunayemsikia, na kwa hiyo twadhani ushindi ni wa kawaida.

Nilirudi Kindu na cherehani moja. Nilikwenda kwanza kuungama. Padri aliniondolea dhambi, lakini aliniambia kwamba toba haijatimia mpaka niwaambie wenye mali na kuirudisha. Hilo lilikuwa gumu kuliko maungamo. Jumamosi jioni nikasimama mbele ya akina mama wale, nikasema yote. Palikuwa kimya kirefu. Kisha mzee wao, mama aliyekuwa amezika mume na watoto wawili, akaniuliza kwa sauti ya upole: "Mwanangu, yule farasi alijua kwamba amebeba cherehani yetu?"

Hakunitukana, wala hakuna aliyenitukana. Lakini swali lile limekaa nami mpaka leo. Nilidhani farasi yule amebeba mpandaji na vipande vya risasi. Kumbe alibeba pia jasho la wajane, na ada za binti zao, na jina langu zuri. Niliwashonea watu usiku na mchana kwa miezi saba, mpaka nikailipa cherehani ya pili.

Je, basi mchezo wenyewe ni dhambi? Sisemi hivyo. Katika mji wa Siena, Italia, kila mwaka tarehe 2 Julai na 16 Agosti hufanyika mbio za farasi kwa heshima ya Mama Bikira Maria. Farasi kumi hukimbia bila matandiko, wakizunguka uwanja mkubwa wa mji mara tatu, na tuzo ni bendera ya hariri yenye sura ya Bikira. Kabla ya mbio kila mtaa humpeleka farasi wake kanisani, naye padri humbariki. Tena farasi aliyemwangusha mpandaji wake, akifika wa kwanza, huhesabiwa kuwa mshindi. Kanisa haliogopi furaha ya watu. Hata juu ya dau, Katekismu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba kamari na michezo ya bahati si kinyume cha haki kwa asili yake, bali huwa haikubaliki inapomnyima mtu yale yaliyo ya lazima kwake na kwa wengine. Tena yaonya kwamba shauku ya kamari yaweza kumfanya mtu kuwa mtumwa. Kipimo hicho ni wazi. Tatizo ni kwamba mcheza kamari hukikumbuka baada ya mchezo.

Sasa nafika kwa jambo lililonikata kicheko. Mpwa wangu, kijana wa mwaka wa mwisho wa sekondari, alipewa na mama yake fedha za kujiandikisha kwa mtihani wa taifa. Dada yangu huuza samaki wa kukausha sokoni. Fedha zile zilikuwa kazi ya miezi mingi. Kijana akaziweka zote juu ya mechi za mpira za Ulaya, kwa simu yake, usiku mmoja. Alipokuja kwangu, muda wa kuandikishwa ulikuwa umekwisha kupita. Alilia, kisha akasema: "Mjomba, nisaidie, usimwambie mama. Wewe mwenyewe wapenda mbio za farasi, utanielewa."

Nilimwelewa, naam. Kwa miaka yote nilikuwa nimewasimulia watoto wa ukoo uzuri wa farasi, lakini habari ya kitambaa kile sikupata kuwasimulia. Nilikuwa nimewaonyesha mbio, nikawaficha mizani. Basi nilimketisha, nikamweleza kisa changu chote, mpaka swali la yule mama. Kisha nikamwambia: "Sitakupa fedha za kufichia. Nitakwenda nawe kwa mama yako, nitasimama karibu nawe, lakini wewe ndiwe utakayesema." Tukaenda. Dada yangu aliposikia, aliketi chini, akaangalia mikono yake. Mwaka mzima wa mwanawe umepotea, wala hakuna neno langu liwezalo kuurudisha. Sasa kijana anashinda kwangu, akijifunza kushona vifungo na kupiga pasi, na kila Jumamosi humpelekea mama yake sehemu ya malipo. Ataufanya mtihani mwaka ujao, Mungu akipenda.

Enyi vijana, ipendeni michezo: mpira, baisikeli, mitumbwi katika Lualaba yetu, hata farasi ikiwa mnaweza kuwapenda bila kuwaona. Mimi Oktoba nitakwenda tena kwa jirani yangu na lita moja ya mafuta mkononi. Lakini kabla hujaweka hata faranga moja juu ya mguu wa mnyama au wa mtu, simama kwanza kwenye mizani, ujiulize ni mali ya nani unayompandisha. Nanyi wazazi wenzangu, tusiwasimulie watoto ushindi wetu peke yake. Tuwasimulie na hasara zetu, mapema, kabla hawajaja kutuomba tuwafichie zao.