Gemu zitacheza?

Nimekuwa kimya kwa muda, kazi za watu zilinilemea. Leo nataka kuzungumzia gemu, na najua kuna watakaosema mtu mzima mwenye digrii ya sayansi ya tarakilishi hana haja na mambo hayo. Hao wapite tu, tutaonana nikirudi kwenye habari za hifadhidata.

Desemba 2025 mdogo wangu alirudi nyumbani kutoka chuo, Eldoret, akiwa ameipakata tarakilishi yake kwenye matatu kama mtoto mchanga. Ni ya mtumba, ya zile zinazoletwa kutoka Uingereza baada ya ofisi za huko kuzichoka: Core i5 ya kizazi cha sita, RAM ya gigabaiti 16, na kadi ya picha ya AMD RX 570 ambayo nayo ni mtumba. Hata chai hajaonja akaniuliza, "Kaka, nikirudi kwa Linux, gemu zitacheza?"

Swali hilo nilikuwa nimeshalijibu mara moja, mwaka 2023, siku nilipomsakinishia Linux mara ya kwanza. Nilimwambia, "Zote." Hapo ndipo nilipokosea.

Mniwie radhi, lakini mliotumia Linux tangu zamani mtaelewa kwa nini ulimi uliteleza. Mimi niliijua Linux kupitia CD ya Ubuntu ambayo binamu yangu aliiagiza bure, enzi zile Canonical ilikuwa ikituma CD kwa posta dunia nzima (waliacha mwaka 2011). Gemu tuliyokuwa nayo ilikuwa ya pengwini anayeteleza kwenye barafu. Sisi barafu tuliyoijua ni ya friji, lakini tuliicheza mpaka kibodi ikalia. Wenye Windows walikuwa na GTA San Andreas, sisi tuna pengwini, na bado tunawahubiria habari za programu huria!

Na si kwamba watu hawakujaribu. Loki Software, kampuni ya Marekani iliyoanzishwa 1998, ilikuwa kazi yake ni kuzihamishia Linux gemu za Windows na kuziuza. Ilifungwa mwanzoni mwa 2002, haikupata wanunuzi wa kutosha. Walichotuachia ni SDL, maktaba ya msimbo iliyoandikwa na Sam Lantinga, ambayo mpaka leo gemu nyingi zinaitegemea. Baadaye Valve wakaleta Steam kwenye Linux, Februari 2013, na tukashangilia sana. Kisha Agosti 2018 wakaleta Proton, na hapo ndipo mambo yalipogeuka kabisa.

Kwa wasioijua, Proton ni mkalimani. Ndani yake kuna Wine, mradi ulioanza 1993, na vipande vingine kama DXVK. Gemu ya Windows inapouliza "nipe faili hii" au "nichoree pembetatu hii" kwa lugha ya Microsoft, Proton inaitafsiri papo hapo kwa lugha ya Linux, na kadi ya picha inachora. Mwenye gemu hahitaji kuandika chochote upya. Sikuamini mpaka nilipojionea mwenyewe. Februari 2022 Valve wakaanza kuuza Steam Deck, kifaa cha mkononi chenye Linux ndani, na Oktoba 2025 hesabu yao ya watumiaji wa Steam ilionyesha Linux imevuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza. Asilimia 3 ni kidogo, lakini kwetu sisi wa pengwini ilikuwa sikukuu.

(Valve hawakufanya haya kwa huruma. Mwaka 2012 Gabe Newell, bosi wao, aliiita Windows 8 janga hadharani. Windows ilikuwa inakuja na duka lake la programu, na mwenye duka la gemu akaanza kutafuta kiwanja kingine mapema. Mimi sina shida na hilo. Mtu akichimba kisima kwa faida yake na mimi nikachota maji, nitalalamika nini?)

Basi nikamwambia kijana "zote", na kwa mwaka mzima nilionekana mjuzi. Halafu siku moja mwaka 2024 akanipigia simu usiku. Gemu anayocheza na wenzake kila Ijumaa, moja ya kufyatuliana risasi (jina naliacha), ilikuwa imesasishwa na sasa haifunguki. Ilikuwa imeletewa mlinzi mpya wa kuzuia wadanganyifu, na mlinzi huyo haitaki Linux. "Kaka, ulisema zote." Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata akaipeleka tarakilishi kwa fundi, akatiwa Windows 10 kwa shilingi 500.

Hakuwa peke yake mwaka huo. Mei, League of Legends ilianza kudai mlinzi aitwaye Vanguard, na waliokuwa wakiicheza kwa Wine wakaachwa nje. Septemba, GTA Online ikaletewa BattlEye, wenye Steam Deck wakafungiwa mlango. Tarehe 31 Oktoba, Apex Legends ikaiondoa Linux, wakisema uwazi wake unawavutia wadanganyifu. Kinachoniudhi ni kwamba BattlEye na Easy Anti-Cheat zimekubali kufanya kazi na Proton tangu Septemba 2021. Uwezo upo. Ni mwenye gemu anayeamua kuuwasha au kuuzima.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo wana-Linux wenzangu hawatalipenda: hao watu wana hoja. Katika kazi yangu kuna kanuni ya kwanza kabisa, usiiamini mashine ya mteja. Kila kitu kikaguliwe kwenye seva. Lakini jaribu kuifuata kanuni hiyo kwenye gemu ya risasi. Seva inabidi ikutumie mahali adui alipo kabla hajatokeza pembeni mwa ukuta, la sivyo atakutokea ghafla kama jini, hasa sisi wa huku ambao mara nyingi data yetu inasafiri hadi Ulaya na kurudi. Taarifa ikishafika kwenye RAM yako, programu ya udanganyifu inaisoma, na ukuta unakuwa kioo. Seva itajuaje kwamba umeona, na si kwamba una bahati?

Ndiyo maana walinzi hawa wanataka kuingia kwenye kerneli, kiini cha mfumo endeshi, mahali ambapo wanaona kila kitu. Kwenye Windows wana pa kusimamia, kwa sababu Microsoft ndiyo inayotia sahihi draiva zinazoingia humo. Kwenye Linux kerneli ni yangu. Nikitaka naifungua, nabadilisha mistari kumi, naijenga upya kabla ugali haujaiva, na mlinzi yeyote akiiuliza swali itamjibu ninavyotaka mimi. Uhuru uleule tunaousifu ndio unaomtia hofu mwenye gemu. Tusijifanye hatulioni hilo.

Lakini nami nina hoja yangu. Tarehe 19 Julai 2024 kosa kwenye faili moja ya CrowdStrike, programu ya usalama inayokaa kwenye kerneli, liliangusha mashine za Windows zipatazo milioni 8.5. Hao ni watu ambao kazi yao ni usalama tu. Sasa unaniambia nimpe mtengeneza gemu ufunguo wa chumba hicho hicho, kwenye mashine ambayo mdogo wangu anajazia fomu za mkopo wa masomo na kufungulia barua pepe yake, ili watu wasidanganye Ijumaa usiku? Na udanganyifu wenyewe haujaisha hata huko kwenye walinzi wakali.

Turudi kwa kijana. Windows 10 iliishiwa na msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haiikubali rasmi Core i5 ya kizazi cha sita, mashine nzima isiyo na kasoro yoyote. Na nilipoifungua hiyo Windows ya shilingi 500 ndipo nilipotishika: masasisho yalikuwa yamezimwa, antivirusi imezimwa, na kulikuwa na programu ya leseni bandia inayowaka kila mashine ikiwashwa. Kwa miezi zaidi ya kumi nywila zake zote zilikuwa zimepitia humo. Na aliyemsukuma huko ni mimi, kwa neno moja la kujigamba.

Safari hii tukakaa chini na daftari. Tuliandika gemu zote anazozicheza, zikawa kumi na moja, tukazitafuta moja moja kwenye ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe wanaandika ripoti. Tisa zinacheza bila taabu. Moja inataka mabadiliko madogo ya mipangilio. Moja haichezi na sioni dalili kwamba itacheza. Mnaijua ni ipi.

Nilimshauri aiache. Nikamtajia Counter-Strike 2, ambayo ina toleo la Linux na mlinzi wake haingii kwenye kerneli (wachezaji wanalalamika kila siku kwamba imejaa wadanganyifu, hilo nalo nilimwambia). Akanisikiliza vizuri, akasema, "Sawa, lakini hiyo moja ndiyo walipo watu wangu. Nikiiacha, Ijumaa nitacheza na nani?"

Nilikuwa na majibu mengi kuhusu uhuru wa programu. Nikayameza yote.

Tulichofanya ni hiki. SSD ikawa ya Linux: chuo, barua pepe, pesa, na zile gemu kumi. Diski yake ya zamani ikabaki ya Windows, safi, kwa leseni halali iliyokuja na mashine kutoka ofisini, nikaiandikisha kwenye ile nyongeza ya masasisho ambayo Microsoft wanaitoa mpaka Oktoba 2026. Humo kuna gemu moja, mlinzi wake, na hakuna kingine. Nikaisimbua... samahani, nikaisimba SSD ya Linux kwa nywila ndefu ili wa upande wa pili asichungulie. Ndiyo, ndugu zangu, mkono huu huu ndio uliosakinisha Windows, na ulichukua saa mbili pamoja na kuwasha tena mara sita.

Amesharudi Eldoret. Ijumaa iliyopita nilimpigia saa tatu usiku nikitaka kumuuliza habari za mitihani. Hakushika. Nikajua yuko upande wa pili, nikamwachia ujumbe ampigie mama kesho yake.