Kopo Lisilo na Kitako

Mti wenyewe una urefu wa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko changu, na hauna hata sehemu moja iliyonyooka. Ukitoka kwenye udongo unaanza kwa kulala upande wa kushoto kama mtu aliyechoka, halafu unashuka. Ndiyo, unashuka kabisa, kisha ndipo unakumbuka kwamba miti hupanda juu, unajikunja kufuata mwanga. Kwenye huo mkunjo limechomoza tawi moja refu kuliko mti mzima. Mizizi ya juu ni bapa kama chapati, kwa sababu ilianza maisha imebanwa kati ya matofali mawili.

Matofali hayo yalikuwa ya nyumba ya mzee mmoja Mrundi, jirani yetu hapa Nyarugusu tangu wimbi la mwaka 2015. Ndege alikula tunda mahali, akaja kuacha mbegu kwenye ufa juu ya dirisha lake. Miti ya jamii ya mkuyu ina tabia hiyo, haisubiri kupewa udongo. Utaikuta kwenye panda ya mchikichi, kwenye mwamba, kwenye ukuta wa choo. Mzee alipojiandikisha kurudi kwao, mwaka 2022, aliniita akanionyesha. "Ndugu yangu, nyumba hii itabomolewa. Huyu usimwache hapa." Alisema "huyu" kama vile anazungumzia mtoto.

Kwao mti huo unaitwa umuvumu. Alinieleza kwamba zamani watu walizungushia miji yao fito zake, na kwa kuwa fito hizo zinachipua hata ukizikata na kuzichomeka tu ardhini, baada ya miaka ule ua unakuwa miti. Nyumba zinaoza, watu wanahama au wanakufa, miti inabaki imesimama. Ukipita Burundi au Rwanda ukaona imivumu mikubwa imekaa pamoja juu ya kilima na hakuna kitu kingine, ujue hapo palikuwa na kwa mtu, pengine kwa mfalme.

Niliutoa ukutani kwa msumari mrefu na kijiko, kazi ya asubuhi nzima. Nikaupanda kwenye kopo la mafuta la posho, nikalitoboa matundu, nikachanganya mchanga wa mtoni, vumbi la mkaa na samadi ya mbuzi kidogo. Nikauweka nyuma ya jiko. Kwa muda mrefu sikufanya zaidi ya kuumwagia maji.

Aliyeniletea habari ya bonsai ni binti yangu, anasoma sekondari. Alikuwa na video kwenye simu: mzee wa Kijapani amekaa mbele ya mti mchanga unaoitwa mepo, majani yake kama kiganja cha mtoto, nao umepinda vibaya kama wetu. Yule mzee hakuwa na haraka. Aliuzungusha, akauangalia kwa chini, akauzungusha tena, mpaka nikadhani simu imekwama. Binti akanieleza kwamba bonsai maana yake ni kitu kilichopandwa kwenye sinia, na kwamba mzee anatafuta mambo mawili kabla ya kushika mkasi: uso wa mti uko upande gani, na shina litapita njia ipi mpaka kileleni. Matawi ni habari ya baadaye.

Tangu siku hiyo nikawa na mimi nauzungusha. Majirani wamenizoea. Dada mmoja wa shirika, kijana mwenye fulana yenye mifuko mingi, alisimama akaniuliza kama huo ni mradi wa kujipatia kipato. Nikamwambia hapana, ni mti tu. Aliandika kitu kwenye daftari lake. Mpaka leo sijui aliandika nini.

Binti alikuwa na pendekezo lake, na si la kijinga. Kata juu ya mkunjo, chomeka kile kipande cha juu kwenye udongo mzuri, kitatoa mizizi kama fito za Warundi. Utapata mti mpya, umenyooka, unaanza upya. Na kile kinachobaki? "Si kinatupwa, papa." Nilishika kisu. Nikakirudisha. Miti iliyonyooka iko mingi, hata ile ya kuni. Hicho kipande kinacholala na kushuka ndicho pekee ambacho si mimi niliyekitengeneza, na sioni ni kwa nini kazi yangu ya kwanza iwe kukifuta.

Basi mkunjo unabaki. Lakini mkunjo wenyewe ni mwembamba kama kidole gumba, na shina jembamba lililopinda halivutii, linaonekana limevunjika tu. Linataka unene. Na unene hauletwi na mbolea peke yake, unaletwa na majani mengi juu na mizizi inayokimbia chini. Kwenye kopo mti unadumaa, ndiyo maana bonsai zinakuwa ndogo. Kwa hiyo wenye ujuzi, mti ukiwa bado mchanga, huupanda kwanza ardhini miaka kadhaa, unene, halafu ndipo wanaungoa na kuurudisha kwenye chombo.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza nyumbani.

"Unataka kuupanda chini?" mke wangu aliuliza. "Papa, mi nauliza tu. Kwani tunabaki?"

Si swali la mti hilo. Tulivuka ziwa kutoka Fizi mwishoni mwa 1996, mimi nikiwa mtoto. Mwaka wa kwanza jirani mmoja alimletea mama yangu mche wa mwembe. Mama alikataa kuupanda. Alisema mwembe ni wa mtu anayebaki, na sisi tulikuwa tunarudi. Jirani akaupanda kwake. Leo mwembe ule unavulia watu watatu au wanne kivuli cha kucheza draft, na mama amelala kwenye makaburi ya hapa hapa. Mke wangu anaijua hadithi hiyo, lakini yeye anaisoma kwa upande mwingine. Kwake mama alikuwa sahihi. Karatasi zetu zote ziko kwenye mfuko wa plastiki unaoning'inia juu ya kitanda, na chochote kisichoweza kubebwa pamoja na mfuko ule, yeye hakiwekei moyo.

Nikajaribu kumweleza habari za Tokyo. Baada ya tetemeko la ardhi la 1923, baadhi ya watunza bonsai wa mji ule walihamia Omiya, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao cha bonsai. Kipo mpaka leo. Mti ulio kwenye chombo unahama na mwenyewe.

"Hao walikuwa na pa kuhamia," akasema. "Na wewe mwenyewe umesema, chombo. Si chini."

Alinishinda hapo. Wiki mbili sikugusa kitu, ila kosa moja. Nilikuwa nimezungushia waya wa shaba kwenye ncha ya juu ili niielekeze, nikapata malaria, nikasahau. Mepo ya Japani hulala wakati wa baridi, majani yanapukutika, mtu anapumzika. Huu wetu haulali. Nilipoamka waya ulikuwa umezama kwenye ganda kama uzi kwenye kidole cha mtoto mnene. Nilipoukata ulitoka utomvu mweupe kama maziwa, na alama imebaki ya kuzunguka, mithili ya skrubu. Waya uwekwe, lakini uangaliwe kila siku. Anayetaka kujaribu asirudie hilo.

Njia tuliyoifuata mwishowe binti ndiye aliyeiona, kwenye video nyingine. Unalikata kopo kitako, lote, libaki ukuta tu. Unachimba shimo la kina cha kiganja, unaliketisha humo na mti wake. Mizizi inashuka ardhini inakula itakavyo, mti unanenepa. Lakini ile mizizi midogo iliyo ndani ya kopo inabaki ndani ya kopo. Mwanzo wa mvua kila mwaka unapitisha jembe chini, unakata iliyozidi, ili ya ndani iendelee kutoa vichipukizi. Na siku ya kuondoka unakata mara moja, unabeba kopo. Umuvumu unavumilia hayo, mvumilivu kuliko mepo.

Nilipomweleza mke wangu alinyamaza kidogo. "Usilizike lote," akasema. "Mdomo wa kopo ubaki juu nione."

Kwa hiyo mdomo uko juu, vidole viwili. Lile tawi refu nimeliacha likimbie, ingawa linauharibu mti wote sura. Majani yake ndiyo yanayonenepesha mkunjo ulio chini yake, na siku mkunjo ukishiba tutalikata. Binti analiita mfanyakazi wa mkataba wa miezi mitatu. Uso wa mti tumekubaliana ni upande wa jiko, ambako ile sehemu inayoshuka inaonekana vizuri. Juu ya kilele bado tunabishana.

Mvua za mwaka huu zilipoanza nilipitisha jembe kama inavyotakiwa. Mwezi uliofuata nililishika kopo nikajaribu kulinyanyua taratibu, kuona tu. Halikutikisika. Mke wangu alikuwa anaosha sufuria.

"Umeshika?"

"Umeshika."

"Kuukata kunachukua muda gani?"

Nikafikiri. Dakika kumi, nikamwambia, kama jembe lina makali.

"Basi linoe," akasema, akamwagia maji ya sufuria pale kwenye kopo.