Kupokea Mpira kwa Upole

Kila Siku ya Mungu jioni tunakwenda uwanjani kutazama vijana wetu. Watu wanapiga kelele: «Piga! Piga!» Nao wanapiga kweli, mpira unapaa hata juu ya miembe. Lakini sisi tunaona kwamba kazi ya kwanza ya mchezaji ni kupokea. Mpira ukigonga mguu mgumu unaruka mita tatu nne, na adui yuko pale pale. Kazi ya wenzake wote imepotea bure.

Sababu yake ni nini? Mpira wa watu wazima una uzito wa gramu 410 hadi 450. Ukikutana na mguu uliokazwa, unarudishwa kwa nguvu. Tazameni wajenzi: anayerushiwa tofali hakazi mikono, anairudisha nyuma kidogo pamoja na tofali, nalo linatulia bila kumwumiza. Na mguu vivyo hivyo. Uende kuupokea mpira, kisha, unapougusa, urudi nyuma pamoja nao. Upande wa ndani wa mguu unafaa zaidi, maana ni mpana. Mpira wa juu upokewe kwa paja au kwa kifua. Tena, kabla haujafika, mchezaji atazame pande zote, apate kuusukuma taratibu mahali penye nafasi.

Vijana wanapenda kutaja TP Mazembe ya Lubumbashi, timu iliyoanzishwa na mapadri Wabenedikto mwaka 1939. Imekuwa bingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Ni vema kuhesabu vikombe. Lakini wahesabu pia mipira waliyopokea wiki hii wakijizoeza. Ukuta unatosha: piga, pokea, mara kwa mguu wa kuume, mara kwa wa kushoto. Asiye na mpira wa ngozi, mwenzake amrushie wa matambara.

Nanyi wazazi, jueni jambo hili. Kijana anayechekwa kwa kuwa mpira unamtoroka anaanza kuuogopa. Akiogopa anakaza mwili. Akikaza mwili, mpira unamtoroka zaidi. Tumeona wengine wakiacha mchezo kabisa kwa ajili ya kelele hizo, nao walikuwa na miguu mizuri.

Basi, tukisimama kando ya uwanja, tuache kupiga kelele za «Piga!» Tumwambie kijana: «Tulia, upokee.» Mguu wa mtu asiye na hofu hulegea wenyewe.