Mnazi Una Moyo Mmoja

Riziki yangu yote imetoka kwenye jamii moja ya miti, mnazi na ndugu zake. Kwa mtu wa Kiwangwa hilo si jambo la kawaida. Kwetu ni nanasi. Ukipita barabara ya Bagamoyo kwenda Msata unayaona yamepangwa mafungu kando ya lami, na kila gari likisimama akina mama wanalikimbilia na beseni kichwani. Vijana wa rika langu walioingia kwenye nanasi wamejenga na wamesomesha. Mimi nilipalilia shamba la babu mpaka miguu ikajaa mikwaruzo ya miiba, nikaona bora nitafute mti unaosimama wima.

Babu huyo, mzaa mama, Mkwere wa hapo hapo, alikuwa na minazi michache nyuma ya nyumba. Haikuwa ya kujivunia. Kiwangwa iko ndani kidogo, na upepo wa bahari unatufikia ukiwa umekwisha nguvu. Wageni kutoka Kaole na Mlingotini, wenye minazi inayoinama kwa uzito wa mikungu, walizitazama nazi za babu wakamwuliza kama ni nazi au malimau. Babu hakukasirika. Alisema mnazi unataka kuisikia bahari. Sikuridhika na jibu lile, maana bahari yenyewe haikuwa mbali kihivyo. Nilitaka kujua mnazi unachokea wapi hasa, na kwa nini. Swali hilo limenilisha mpaka leo.

Katikati ya miaka ya themanini nilipata kibarua Chambezi, upande wa Bagamoyo, kwenye shamba la majaribio la mradi wa taifa wa kuendeleza minazi. Mradi ulianza mwaka 1979 kwa mkopo wa Benki ya Dunia na msaada wa Wajerumani, makao yake yakiwa Mikocheni, Dar es Salaam. Tuliletewa mbegu fupi na machotara kutoka ng'ambo zilizosifiwa kwamba huzaa mapema. Vibarua tulichimba mashimo, tukabeba maji, tukahesabu nazi na kuandika kwenye madaftari. Nyingi ya mbegu zile za kigeni hazikustahimili. Ukame ulizichosha, na huko kulikokuwa na ugonjwa wa kunyong'onyea zikaisha kabisa: vidaka vinapukutika, upunga unaingia weusi, makuti yanageuka manjano kuanzia chini, halafu kilele kinaoza na kuanguka. Linabaki gogo limesimama peke yake. Mnazi mrefu wa kwetu, uliodharauliwa kwa uvivu wake wa kuzaa, ndio ulioonyesha ubishi, ingawa si kila mahali.

Lakini somo kubwa nililipata kwa chonga. Chonga ni mdudu mweusi mwenye pembe kichwani, anayetoboa mnazi kwenye maungio ya makuti machanga na kushuka akitafuna. Dalili yake ni makapi mabichi yanayotoka tundu, na baadaye kuti likifunguka unalikuta limekatwa pembetatu utadhani kwa mkasi. Nilikabidhiwa waya mgumu uliopindwa ncha. Unauingiza tunduni taratibu mpaka usikie ncha inagusa kitu kigumu kinachokwaruza, unazungusha, unavuta, na chonga anatoka akichezesha miguu. Mzee aliyenifundisha alikuwa akisimama nyuma yangu.

"Shikamoo mzee, huyu yuko ndani sana," nilimwambia siku moja.

"Marahaba. Basi mwache, mwanangu. Ukiufikia moyo, utakuwa umeua mti ili uue mdudu."

Ndipo akanieleza. Mwembe ukiukata kichwa huchipua ubavuni. Mnazi hauna pa kuchipukia. Kila kuti, kila panda la upunga, kila nazi itakayotoka mpaka mti uzeeke, inatoka sehemu moja laini iliyofichwa katikati ya kilele. Shina nalo halijui kuziba jeraha. Ngazi alizochonga mkwezi wa zamani kwa panga utazikuta vilevile miaka na miaka. Kwa hiyo mnazi una moyo mmoja, na ukishakufa hakuna dawa.

Nilipotoka Chambezi nilianzisha kitalu changu Bunju, kando ya barabara ya Bagamoyo. Jiji lilikuwa linakuja upande wetu. Tegeta na Mbezi zilikuwa zinajengwa usiku na mchana, na kila aliyemaliza ukuta alitaka pamu. Ndivyo tunavyoziita vitaluni, pamu, kwa kuwa mteja ukimwambia ni ndugu wa mnazi anataka upunguze bei. Roya pamu ya Kuba ndiyo iliyokuwa ikitoka zaidi, ikifuatiwa na pamu chupa ya visiwa vya Bahari ya Hindi na ile ya msafiri kutoka Madagaska, ambayo kwa kweli si pamu hata kidogo, ingawa nimeacha kubishana na wateja kuhusu hilo.

Kisha wakaanza kuja watu wa bara. Arusha, Lushoto, Iringa, Mbeya. Walikuwa wamekuja Dar kikazi, wameona pamu mahotelini, na wanataka kuondoka nazo. Wengi walikuja Machi au Aprili, masika yameanza, kila kitu cha pwani kimenawiri. Mmoja, meneja wa hoteli ya Njombe, alinijia amevaa tai kwenye jua la mchana. Alitaka minazi mikubwa, iliyokwisha kusimama, apange mbele ya hoteli ili mgeni ajione yuko ufukweni.

"Bosi, mnazi hautakaa Njombe," nilimwambia.

"Mbona Dar mvua inanyesha na inakaa?"

"Mvua si tatizo. Tatizo ni Juni na Julai."

"Mzee wangu, wewe niuzie. Hela si yangu?"

Nilimwuzia, nikaandika kwenye risiti kwamba bidhaa ikishapakiwa haina marejesho, na nikapanda lori mwenyewe nikasimamie upandaji. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya kupita Iringa. Mibuyu ya Ruaha ilinifurahisha. Baada ya Mafinga nilimwomba utingo anikopeshe koti. Njombe mjini kuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa zaidi ya nusu nyuzi, kwa hiyo mtu wa Bunju akifika pale ameacha nyuzi 10 na ushei njiani. Mnazi wenyewe umezoea wastani wa nyuzi 27 hivi. Ukishuka chini ya 20 muda mrefu unaduwaa tu, na hata hapa kwetu karibu na Ikweta haufai sana ukivuka mita 1,000.

Julai ikapigwa simu. Agosti nikachepuka pale nikielekea Mbeya. Makuti yalikuwa na rangi ya kahawa, lakini hayo hayakunitia shaka sana, maana kuti la nje hufa na mti ukabaki. Nilishika lile changa la katikati, lisilofunguka, linalosimama mfano wa mkuki, nikalivuta kwa vidole viwili. Lilichomoka lote. Chini lilikuwa jeusi, lenye utelezi, na uvundo uliomfanya meneja arudi nyuma. Halikuwa jambo la jalidi peke yake. Usiku mfululizo wa baridi ulikuwa umesimamisha mti, umande ukakaa kilele, na uozo ukaingia kwenye moyo usio na nguvu ya kujitetea. Nikavuta la mti wa pili, na la wa tatu. Meneja akasema basi, ameelewa.

Kilichonibadilishia biashara nilikiona kesho yake, chini ya barabara, kwenye kijito. Palikuwa na vichaka vya mikindu. Mikindu ile ile ya kwetu, inayoota kando ya maji, ambayo bibi zetu walikata ukindu wake kwa mikeka. Ncha za majani zilikuwa zimeungua na jalidi, kahawia kama urefu wa kidole, lakini katikati kila shina lilikuwa limesimamisha jani jipya, kijani kibichi. Nilivuta moja. Halikutoka. Nikainama kuchunguza shinani: mashina makubwa matatu, madogo yakiyazunguka, na chipukizi nyingine zikitoka ardhini. Baridi ikiua moyo mmoja pale, imebakisha mingine yote.

Ajabu ni kwamba hakuna mteja aliyewahi kuniuliza mkindu. Ni mti wa porini, watu wanauona tangu utotoni, na kitu kisichonunuliwa hakina heshima. Lakini mkindu ni ndugu wa damu wa mtende, na pia wa mtende wa Kanari, ile pamu nene inayopandwa Nairobi, mita 1,700 juu, ikastawi vizuri kabisa. Ukoo huo una uvumilivu ambao mnazi haukupewa. Tena mkindu unaanzia ufukweni, karibu na mikoko, ukapanda na mito mpaka milimani. Sijui mti mwingine wa jamii hii hapa kwetu unaoweza safari hiyo.

Mtaalamu mmoja Mjerumani wa Chambezi aliwahi kutuambia kwamba kwao kuna watu wanapanda pamu kwenye theluji. Tulimcheka. Baadaye nilijua alikuwa akisema kweli. Kuna pamu ya China, shina lake limefungwa nyuzinyuzi za kahawia, ambayo mkusanya mimea Robert Fortune aliipeleka Uingereza mwaka 1849, na inastahimili nyuzi 10 na zaidi chini ya sifuri. Kusini mwa Uswisi imezoea mpaka imevamia misitu, na tangu Septemba 2024 nchi hiyo imepiga marufuku kuiuza. Wao wanahangaika isizidi, sisi tunahangaika isife. Niliwahi kupata mbegu zake kwa mteja mmoja wa Arusha; Bunju miche ilidumaa kwa joto, nikampa fundi mmoja wa bustani wa Lushoto akaendelee nayo.

Mkindu nauotesha mwenyewe. Tunda likiiva rangi ya machungwa nalivua nyama kwa maji na mchanga, maana nyama ikibaki inaleta ukungu. Naloweka mbegu siku chache, nazipanda kwenye mchanga wenye unyevu, na hapo ndipo vijana wangu wapya wanapokata tamaa, kwa sababu wiki zinapita hakuna kinachoonekana. Mbegu haikulala. Inatuma kwanza kamba nyeupe kwenda chini, na jani linachipukia huko chini ya ardhi ndipo lipande. Ndiyo maana viriba vyangu ni virefu kuliko vya jirani. Kifupi kinaupinda mzizi, na mche uliopinda mzizi hauendi Njombe. Miezi ya mwisho kabla ya safari sikolezi samadi. Naweka majivu ya kuni kidogo, nautoa mche kivulini, napunguza maji, ukomae. Mche ulionenepeshwa kwa mbolea unavutia macho ya mnunuzi, lakini baridi ndiyo inaanza nao.

Na wakati wa kupanda siubadilishi kwa hela yoyote. Nyanda za juu kusini mvua huanza Novemba, na huo ndio mwezi wa kupanda. Mizizi ya pamu haikui kwenye udongo wa baridi, kwa hiyo inahitaji miezi yote hiyo ya joto ishike kabla Juni haijaingia. Anayekuja kwangu Machi kwa sababu Dar kunanyesha namwambia arudi baada ya Nane Nane aweke oda. Namwambia pia asipande bondeni. Usiku usio na upepo wala mawingu, hewa ya baridi hutiririka na kutuama chini, na jalidi huanzia huko. Wakulima wa chai wa Mufindi wanalijua hilo kuliko mimi. Mteremko ni bora, na ukuta wa mawe unaopigwa na jua la jioni ni bora zaidi, kwa kuwa unalitunza joto na kulitoa usiku. Mwaka wa kwanza na wa pili majani yafungwe juu kwa kamba, yafunikwe gunia usiku wa hatari, na asubuhi gunia litolewe.

Siku hizi mikindu inaulizwa. Wasanifu wa bustani wameanza kuiweka kwenye michoro yao ya Arusha na Iringa, na bei imepanda. Kwa bei hiyo limezuka jambo lisilonipendeza: vijana wanakwenda mitoni na majembe, wanang'oa vichaka vizima, wanavipakia kwenye pikipiki za magurudumu matatu na kuviuza barabarani vikiwa vimefungwa makuti shinani ili mizizi iliyokatwa isionekane. Vingi vinakufa kwa mnunuzi. Kingo za mto zinabaki wazi zikisubiri mvua, na akina mama wa kwetu wanaosuka mikeka sasa wanatembea mbali kufuata ukindu waliokuwa wakiukata nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo ombi langu kwa mnunuzi wa bara ni hili: kabla hujatoa hela, mwambie muuzaji akufungulie kiriba. Mche wa mbegu utauona mizizi yake yote imo ndani, imejaza udongo, haina alama ya jembe. Ukikuta imekatwa, usinunue, hata akipunguza bei.