Jina la Bibi Limo Kwenye Wasia

Nyumbani tulizoea kusikia nasaba ni ya wanaume; bibi zetu walitajwa "mama fulani", basi. Tukaenda Nyaraka, Kilimani, kutafuta wasia na hati za mashamba. Shamba lenyewe hatulidai, ardhi ilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964, tulitaka majina. Maandishi ni ya herufi za Kiarabu, maalim akatusomea. Bibi mzaa babu katajwa kwa jina lake, binti fulani bin fulani, na mikarafuu yake mwenyewe, si ya mume! Angeliandikwa kwa jina la mume tungeliishia hapo. Jina la baba ndilo lililotufikisha kwa wazee wake. Mdogo wetu anaolewa mfungo mosi, anataka kubadili jina kwenye pasi. Tumempelekea picha ya karatasi ile.