Mlango wa saa ya chakula

Nilipokuwa Manila kwa masomo ya miezi mitatu, nilipangiwa chumba Quezon City, karibu na barabara ya Katipunan. Kifaransa changu hakikunifaa kitu pale, na Kiingereza changu kilitosha kuombea maji tu. Siku ya pili njaa ilinifikisha katika mkahawa mdogo wa kando ya njia, ambao sisi tungeuita malewa na wenyeji huuita karinderya: meza nne, viti vya plastiki, na kabati la kioo lenye sufuria zilizopangwa. Mkahawa wa namna hiyo huitwa pia turo-turo, yaani onyesha-onyesha, kwa sababu mteja hunyoosha tu kidole kuelekea chakula anachokitaka. Hivyo hata asiye na lugha hula.

Nilinyoosha kidole kwenye majani ya kijani kibichi kilichokolea, nikiamini kwamba ni sombe. Nilipoonja, haikuwa sombe. Ilikuwa laing, mboga ya watu wa Bicol: majani makavu ya magimbi yaliyopikwa polepole katika tui la nazi, pamoja na pilipili na uduvi uliochachuka. Mama mwenye mkahawa aliniwekea wali, kisha akaniletea bakuli la mchuzi mwepesi wa moto. Nikamwashiria kwamba sikuuagiza. Akacheka. Mchuzi ule haulipiwi.

Basi nikawa mteja wa kila siku. Nilijifunza kumwita Nanay, yaani Mama, kama walivyomwita wengine. Nilikula adobo, nyama iliyopikwa kwa siki, sosi ya soya, vitunguu saumu na pilipili manga. Siki huifanya nyama idumu hata pasipo friji. Siku za mvua nilikula sinigang, mchuzi mchachu wa ukwaju. Karibu na sanduku la fedha ilisimama sanamu ndogo ya Santo Niño, Mtoto Yesu, katika vazi jekundu, na chini yake daftari la madeni ya madereva waliokula wiki nzima kabla ya kulipa. Nanay hakuwa malaika: aliyechelewesha deni alikaripiwa mbele ya watu wote. Lakini baada ya kukaripiwa, alipakuliwa.

Adhuhuri moja nilimkuta yeye mwenyewe anakula: wali kidogo na samaki mmoja. Kabla sijamsalimu, alisogeza sahani yake upande wangu, akasema, “Kain tayo.” Mwanafunzi aliyeketi karibu alinifafanulia. Kain ni kula, na tayo ni sisi. Ila lugha yao ina maneno mawili kwa “sisi”: kami ni sisi bila wewe tunayesema nawe, tayo ni sisi pamoja na wewe. Anayekula humwalika kwa tayo hata mpita njia. Mara nyingi mpita njia hujibu kwa adabu kwamba ameshiba, lakini kutomwalika ni aibu.

Siku ile sikumaliza wali wangu. Kwetu Bukavu, katika miaka ya vita, bei ya unga ilipopanda, mimi ndimi niliyeanzisha nyumbani desturi ya kufunga mlango saa ya chakula. Mtoto wa jirani alizoea kuingia bukari inapowekwa mezani. Nilimwambia mke wangu, “Mama watoto, tuwalishe kwanza walio wetu.” Jioni moja mtoto yule alibisha hodi. Tulinyamaza, matonge mkononi, hadi tukasikia nyayo zake zikiondoka. Watoto wangu walikuwa wananitazama. Baadaye bei ya unga ilishuka, lakini mlango uliendelea kufungwa. Kila jioni nilisema “tule”, na neno hilo halionyeshi ni sisi gani. Mlango ndio ulioonyesha.

Miaka kadhaa baada ya kurudi nilisoma kwamba mwezi wa Aprili 2021, wakati wa korona, katika barabara ya Maginhawa mjini Quezon City, mwanamke kijana aliweka kigari cha mianzi chenye vyakula, na maandishi yaliyomwalika kila mtu kutoa kadiri awezavyo na kuchukua kadiri ya haja yake. Vigari vya namna hiyo vikaenea katika nchi nzima. Sikushangaa. Nilikuwa nimeketi kwenye meza za watu hao.

Jioni yangu ya kwanza nyumbani niliomba mlango uachwe wazi. Mtoto wa jirani alikuwa amekuwa kijana mrefu. Alipita, akatusalimu kutoka njiani. Nikamwambia, “Karibu, mwanangu, tule.”

“Aksanti, Baba, nimeshiba,” akajibu, akaenda zake.

Sijui kama alikuwa ameshiba kweli. Aliyekwisha kubisha bila kufunguliwa ana haki ya kutosadiki mara moja. Kesho yake tuliuacha mlango wazi tena, na keshokutwa vilevile. Ilipita karibu mwezi kabla hajaingia na kunawa mikono.

Ndugu msomaji, unaposema “tule” nyumbani kwako, mlango uko namna gani?